Nimeona, tupu

Baba,

Bunduki yako iko mezani mbele yangu, imefunguliwa, na vidole vyangu vyote ni vyeusi. Nimetandika gazeti la bure la pale mlangoni, lile ulilokuwa unachukua mawili mawili, moja la kusoma na moja la kazi hii. Mama amejilaza kwenye kochi na nguo zake za kanisani. Anajifanya amelala. Nakuandikia kwa penseli, kwa sababu kalamu inateleza kwa mafuta. Usinicheke.

Ni miezi tisa sasa. Mama ameacha kununua ule mkate mweusi, anasema alikuwa anaula kwa ajili yako tu. Mashine ya kufulia namba nne kule chini imekufa tena, na fundi mpya ameibandika karatasi akaenda zake. Wewe ungekuwa umeshalala chali chini yake na tochi mdomoni. Na kwenye lifti bado wananiuliza kinanda kiko wapi. Miaka tisa ulishuka ghorofa kumi na moja na bunduki ndani ya mfuko wa kinanda, umeufunga kwa kufuli, na mtaa wetu mzima wa Flemingdon Park ukaamini wewe ni mpiga muziki. Yule mama wa ghorofa ya nane alikuomba upige kwenye harusi ya binti yake. Ukamjibu kwa heshima zote, "Mama yangu, chombo changu kina sauti moja tu."

Mimi sikucheka siku ile. Nilikuwa nimeshaacha kucheka.

Unakumbuka ilivyokuwa kabla. Nilikuwa na miaka kumi na saba ulipoileta nyumbani, bunduki fupi yenye kitako cha mti, inayokula risasi za bastola, fupi na ndefu. Mzee mwenzako wa kazini alikuwa anahamia nyumba ya wazee, akakuachia. Ulikuwa umeshapata leseni, kabati la chuma lilikuwa limeshafungwa ukutani, lakini Mama alikasirika hadi akakataa kupika siku mbili. Wewe ukaiweka hapa hapa mezani, ukauvuta ule mkono wa chuma ulio chini yake, taratibu, kama ulivyokuwa unazungusha gurudumu la cherehani cha mteja usichokijua bado. Chini, juu. Chini, juu. Kisha ukasema, "Mama Rehema, hiki ni cherehani tu. Ila hiki kinashona mbali."

Mama akakujibu, "Basi kanishonee gauni nayo."

Na ndipo ulipoanza ile kanuni yako. Unafungua. Unatazama ndani. Unaingiza kidole kidogo, kwa sababu jicho lililozoea huona kinachotaka kuona. Halafu unamgeuzia mtu mwingine naye atazame, mdomo wa mtutu ukiwa umeelekea ukutani. Mtu huyo lazima aseme kwa sauti, "Nimeona, tupu." Bila maneno hayo hukuifuta wala kuirudisha kabatini. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa naacha hesabu zangu za shule, nakuja, nachungulia lile tundu dogo linalong'aa, nasema. Na wewe unasema, "Asante, mkaguzi."

Halafu nikaenda chuo kikuu, nikajua mengi. Nilisoma, nikahesabu, nikaogopa. Jioni moja ulipokuwa umeifungua nilisimama mlangoni nikakuambia, "Baba, mtu mweusi na bunduki kwenye mji huu. Unataka siku moja polisi wakufanyie nini?" Uliigeuza, mtutu ukutani. Kisha ukasema, kwa upole, "Njoo uniangalizie, Rehema." Nami nikasema, "Angalia mwenyewe."

Maneno mawili. Sikuyarudia, kwa sababu hukuniita tena. Nilidhani umeamua kuangalia mwenyewe. Sikujua ulikuwa unampigia simu Mzee Karim, mwenzako wa shabaha.

Hilo alinieleza yeye baada ya mazishi. Unamjua anavyosimulia, mzaliwa wa Mwanza yule, amekaa Markham zaidi ya miaka arobaini lakini Kiswahili chake kimebaki na vumbi la kule. Alisema kila Jumamosi, hadi kiangazi chako cha mwisho, baada ya kukushusha hapa kutoka kwenye uwanja wa shabaha, simu yake ililia kabla hajafika kwake. Alikuwa anasimamisha gari pembeni kwanza. Wewe ulikuwa unasema, "Karim, nimeona, tupu." Yeye anajibu, "Sijaona kitu, Fundi, lakini nakuamini." Alinisimulia anacheka.

Ni yeye aliyeichukua bunduki ulipofariki, maana mimi na Mama hatukuwa na leseni na sheria haingojei machozi. Akasema ataitunza hadi tuamue. Mama alikuwa ameshaamua. "Aichukue moja kwa moja huyo Karim. Sitaki kuiona humu ndani." Nami nilikubaliana naye, Baba. Nataka ulijue hilo. Nilikubaliana naye kabisa. Lakini kuna usiku nilikuwa naamka na lile neno langu mdomoni, "mwenyewe", na nikajua siwezi kuitoa nyumbani kwetu kabla ya kuangalia ulikuwa unaona nini ndani yake. Nikajiandikisha kwenye mafunzo.

Ulikuwa ukumbi wa kawaida huko Scarborough, viti vya plastiki, siku mbili. Wanawake tulikuwa watatu. Kwenye mtihani wa vitendo nilipewa bunduki ya mkono wa chuma kama yako, nikaifungua, nikatazama, nikaingiza kidole. Kisha nikaigeuza upande, mtutu ukutani, nikasimama. Nikangoja. Mwalimu akanitazama. Watahiniwa wakanitazama. Akaniuliza, "Unangoja nini?" Nilikuwa nangoja mtu aseme. Sikujua kama duniani kuna njia nyingine ya kumaliza. Nilimweleza kwa Kiingereza na ikasikika kama kichaa, lakini aliandika kitu kwenye karatasi yake na nikafaulu.

Leseni ilipofika, Mzee Karim alinipigia. "Binti Fundi, mimi sina haraka. Twende Jumamosi uipige mara moja. Ukirudi utaniambia karatasi tuandike jina langu au lako."

Hiyo Jumamosi ilikuwa jana.

Tulipanda kaskazini, tukaipita Vaughan, nyumba zikaisha, mahindi yakaanza. Pale uwanjani wazee wawili walivua kofia walipojua mimi ni nani. Mmoja akauliza, "Na yeye ni fundi?" Mzee Karim akajibu, "Huyu ni mkaguzi." Kumbe ulikuwa umewaambia.

Alinipa risasi zake, zile fupi, tano. Akazungumza nami kwa maneno uliyokuwa ukitaniwa nayo wewe: "Haya, leo tunashona au tunafumua?" Nikaegemeza viwiko. Kitako kilipokaa begani kilijua mahali pake, kama kilikuwa kimeshalizoea bega la ukoo wetu. Nikavuta pumzi, nikaiachia nusu. Sijui nikuelezeje kilichofuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Sikuwa nimejiandaa kwa utulivu ule kabla ya kelele, pale ambapo dunia nzima imebaki kipande cha chuma chembamba na karatasi kwa mbali, na hakuna anayekulazimisha, na jambo zito kuliko yote uliyowahi kufanya linakaa kwenye ncha ya kidole.

Kisha bega likasukumwa, si kwa nguvu, kama mtu anavyokusukuma kwa utani. Na kwenye karatasi, mita hamsini, kulikuwa na tundu dogo ambalo halikuwapo.

Nikauvuta mkono wa chuma. Baba! Mwendo mmoja tu wa kiganja, na kumbe ni kazi nne: mlango unafunguka, ganda tupu linaruka, nyundo inajivuta, risasi mpya inapanda. Ukiurudisha, inaingia na mlango unajifunga. Niliusikia wote kupitia mfupa wa shavu. Nilikuona umeinama juu ya cherehani, unazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, unaniambia nisikilize sindano inavyolifuata gurudumu lake. Niliogopa, lakini si woga ule niliokuletea mlangoni. Ule bado ninao, sijauacha, mji huu haujabadilika. Huu ulikuwa mwingine. Ni kama nimeingia mahali patakatifu na viatu vyangu.

Niliwaza: miaka yote ile alikuwa anakuja hapa kunyamaza.

Baada ya zile tano nikachukua boksi lako lililobaki, la risasi ndefu. Ya kwanza ikaingia karibu yote, ikakwama. Mkono wa chuma ukagoma kufunga. Nikaanza kusukuma.

"Acha," Mzee Karim akasema. "Usilazimishe. Toa kidole mbali."

Akaitoa ile risasi polepole, mtutu ukielekea shabaha, kisha akamulika ndani. Halafu akanionyesha. Ndani, mahali risasi fupi zinapoishia, palikuwa na pete nyeusi ya masizi, ngumu kama ukoko chini ya sufuria. Risasi ndefu hazipiti hapo.

"Hii si ya siku moja," alisema. "Hii ni ya kiangazi kizima. Fundi hakusafisha." Akaifuta miwani yake. "Nje imeng'aa hivi, hata sikufikiria kutazama zaidi. Nani angekagua kazi ya Fundi?"

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakuwaza wewe. Mtu aliyerudia kuosha vikombe vilivyooshwa. Mtu aliyesema chombo husafishwa siku ile ile, hata kama nyumba inaungua, safisha kwanza ndipo ukimbie.

Nilipofika nilimkuta Mama jikoni, anachambua mchele. Nikauweka mfuko wa kinanda mezani. Hakupiga kelele kama nilivyotegemea. Nikamweleza kuhusu masizi. Mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

"Alikuwa hana nguvu," akasema. "Tangu mwezi wa sita. Anaingiza ile brashi, anaisukuma mara mbili, anapumzika. Anafuta nje, anapumzika. Nikamwambia niletee, nikusukumie. Akasema hapana, wewe angalia tu."

"Uangalie nini?"

"Hiyo kanuni yenu." Alinikasirikia, Baba, huku machozi yanamtoka. "Unadhani nani alikuwa anasema? Aliogopa Karim ataisikia sauti yake ilivyochoka kwenye simu, baada ya kujikaza siku nzima mbele yake. Mimi ndiye niliyechungulia kiangazi kizima. Nimeona, tupu. Nimeona, tupu. Mimi, niliyekataa hata kulipangusa vumbi lile kabati."

Nikakaa chini. Akaendelea kuchambua, mchele uleule uliokwisha kuchambuliwa. Halafu akasema bila kuniangalia, "Mara ya mwisho alisema, humu ndani nimeshindwa, Mama Rehema. Usihangaike. Rehema atasafisha."

Miezi tisa alikuwa ameyaweka moyoni maneno hayo. Alijua akiniambia sitaiachia bunduki, na yeye alitaka itoke, pamoja na kila alichokiona kiangazi kile. Simlaumu. Nami nilikuwa mlangoni.

Lakini wewe, Baba. Nilikuambia angalia mwenyewe, na ukaendelea kuniwekea kazi yangu. Hukusema huenda. Hukusema akipenda. "Atasafisha." Ulijuaje?

Sasa nimerudi mezani. Niliacha kuandika kwa karibu saa nzima. Masizi yako ni magumu! Nimeyalainisha kwa mafuta, nikangoja, nikasukuma brashi hadi bega likawaka moto, na nikaelewa kwa nini hukuweza. Vitambaa vya kwanza vilitoka vyeusi tii. Nilisita, nikitaka kukiweka kimoja, kwa kuwa ni moshi wa risasi zako za mwisho na sitaupata tena. Kisha nikakumbuka ungesema nini kuhusu mtu anayehifadhi uchafu. Nimevitupa vyote.

Kitambaa cha mwisho kimetoka cheupe. Nimechukua ganda refu tupu la zamani, nikalidondosha ndani. Limeingia lote, na likalia kidogo, ti, kama kikombe kinapowekwa kwenye sahani yake.

Nikalitoa. Nikatazama. Nikaingiza kidole kidogo. Nikageukia kochi, mtutu ukutani, nikangoja. Mama akafumbua jicho moja. Akanyanyuka na gauni lake la kanisani, akavaa miwani, akainama juu ya meza, akachungulia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Nimeona," akasema. "Tupu."

"Asante, mkaguzi," nikamwambia. Akanipiga begani na taulo la jikoni. Kisha akauliza kama kabatini panahitaji kupanguswa.

Kesho nitampigia Mzee Karim, nimwambie tuandike jina langu. Nadhani analijua tangu tulipokuwa njiani.

Nenda salama, Fundi. Pumzisha mikono. Nakuahidi hivi: nitaanza na ndani, kila mara, siku ile ile, na nje itasubiri. Na yeyote humu ndani atakayeniambia njoo uniangalizie, hata kama ni sindano ya cherehani, hata kama nimekasirika, nitakuja.

Mwanao,
Rehema