Macho Yangu na Machela ya Rondo

Lindi, Mfungo Tano, 1949
Mwaka wa thelathini na mbili tangu vita viniondoe Tabora

Kwa mdogo wangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako imefika, nami nimeiitikia marahaba kwa sauti ingawa nyumbani nilikuwa peke yangu. Je, kifua kimepoa? Mimi mzima, ila macho. La kulia limeziba kwa mtoto wa jicho na la kushoto linafuata, ndiyo maana herufi zangu ni kubwa kama za wanafunzi.

Nilikuahidi kwamba nikipasuliwa macho Dar es Salaam nitapanda gari moshi moja kwa moja mpaka kwako Tabora. Sasa sikiliza.

Baraza letu limetenga fungu la kodi kwa matibabu ya raia, nasi wajumbe tukakaa kuamua litibu nini. Sindano za buba na dawa ya safura hazikuleta ubishi. Yakabaki mawili, na fungu linatosha moja tu: kuwapeleka wenye macho mabovu Dar es Salaam, au kuweka wachukuzi wa machela wa kuwateremsha kutoka mlimani Rondo hadi hospitali wanawake walioshindwa kujifungua. Wenzangu walishika la macho. Nilijua wananistahi, wengi wao niliwasomesha.

Akasimama Jumbe Mkwanda wa Rondo. Yeye Mmwera, mimi Mnyamwezi, na tumetaniana tangu nilipofika, kwa hiyo anaruhusiwa neno ambalo mwingine angelimeza.

"Mnyamwezi, macho unayatakia nini? Sura zetu umekwisha kuzijua, na hatujapendeza tangu hapo."

Baraza likacheka. Yeye hakucheka. Akasema mke wa mwanawe alifia kwenye machela, katikati ya mteremko, maana wabebaji walikuwa wawili tu, yeye na mume wa marehemu.

"Mtani, unanizika ningali hai," nikamwambia.

"Kukuzika wewe ni kazi yangu, ndio utani. Yule hakuwa wa kuzikwa na mimi."

Nikainua mkono kwa machela, na wengine wakafuata. Mwajuma, nimesoma vitabu vingi, lakini sijaona mtu aliyeomba jambo zito kiasi kile mbele ya watu asimvunjie mwenzake heshima. Juzi wachukuzi wamemleta mama wa kwanza. Amejifungua salama, na Mkwanda ametuma watu waje kunicheka kwamba mtoto ana sura yangu.

Nisalimie shemeji, mumeo, na binti yako mkubwa ambaye sijapata kumwona. Safari ile bila macho siiwezi.

Kaka yako, Saidi.

Sitarudi Tabora.