Mikono Tuliyopeana Baada ya Sala

Kifungua mimba wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi wazima, Mungu ni mwema; cherehani tu ndiyo inakatakata uzi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Hiyo hisabati ya chuo iliyokuangusha sikuielewa, ila pale uliposema kwamba watu wakipeana mikono, waliopeana mara witiri, yaani moja, tatu au tano, idadi yao haikosi kuwa shufwa, yaani mbili, nne au sita. Nikasema hebu nijaribu. Juzi baada ya sala tukapeana mikono, kisha nikamuuliza kila mama ameshika mikono mingapi. Waliotaja witiri wakawa saba! Nilifurahi mno, nikajua aliyekosea ni mwalimu wako. Shangazi yako akacheka mpaka akakaa chini: "Wifi, na wewe je? Si umenishika mkono mimi hapa?" Kumbe nami nilishika mitano, nikajisahau. Tukawa wanane.

Kwa hiyo, mwanangu, umeanguka mtihani kweli. Utaurudia. Lakini kwamba likizo hii huji nyumbani kwa aibu, hilo silikubali.

Ulinisihi nisimwambie baba yako. Nimemwambia, unisamehe, sijazoea kumficha kitu. Alimaliza chai yake taratibu. Kisha akauliza, "Basi lake linafika saa ngapi, nikampokee?"

Nimjibu nini, mama? Niandikie hiyo saa.

Ni mimi mama yako, nisiyekusahau katika dua.