Simu inasema pikipiki iko hapa

Divine, baliiba pikipiki yenye bwana yangu Déo anaendeshaka. Kule Ruti.

Déo eko muzima.

Ile GPS mupya, ya kuonyesha ku simu fasi pikipiki iko, yenye Benon, ule askari pikipiki ni yake, alileta, Déo aliifunga mwenyewe. Waya akaipitisha kwa kontakti, pale funguo inaingiaka, sawa vile tunafungaka redio huku kwetu Misiera, ili batiri isiishe. Kumbe ukizima pikipiki, GPS nayo inazimika, simu inabakia kuonyesha fasi ya mwisho.

Alizima, akaingia kununua mukate. Bezi bakaisukuma.

Benon akakuja, akaangalia simu. "Pikipiki iko hapa."

Déo akasema: "Afande, haiko."

"Simu inasema iko hapa."

Bakasimama bote bawili, banaangalia fasi haina kitu.

Tangu Déo arudi ku nyumba, ameshika funguo ya pikipiki. Mutoto amemuuliza pikipiki iko wapi.

Anajibu, iko Ruti.