Swali la Saba Kwenye Fomu ya Udaktari

Jumatano. Mvua imeanza kabla ya sala ya alfajiri, na mpaka sasa, saa kumi jioni, haijaamua kuondoka. Nguo zangu zimelowa tangu nivuke mto. Sina hamu ya kuzibadilisha.

Nimetuma. Yaani Prof ametuma, kwa vidole vyangu. Maombi yangu ya udaktari wa usimamizi wa biashara, ya tatu na ya mwisho, yamekamilika leo, na sina tumaini nayo hata chembe.

Niseme kwanza kwa nini ni ya mwisho. Ufadhili una kikomo cha umri, na mwakani nitakuwa nimekivuka. Mara ya kwanza walinirudishia faili kwa sababu karatasi ya alama zangu za miaka ya vita ilipigwa kwa mashine ambayo utepe wake ulikuwa umekauka. Nusu ya alama hazisomeki, na aliyezitia sahihi yuko kaburini. Mara ya pili walitaka mtihani wa Kiingereza, na chumba cha karibu cha kuufanyia kinafikika kwa ndege tu ukiwa hapa Kindu, mashariki ya Kongo. Safari hii nilipata chuo kinachopokea Kifaransa, na ambacho kinakubali kiapo badala ya karatasi ya alama. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: ushuhuda wa mtu aliyenifundisha.

Kwetu asiye na udaktari hubaki asistenti, mwalimu msaidizi, mpaka aote mvi. Mimi nimeshaota. Vijana niliowafundisha mwaka wa kwanza wamekwenda ng'ambo, wamerudi, na sasa ndio wanaonipangia saa za kufundisha. Wananiita mzee, kwa heshima kabisa, na heshima hiyo inaniuma kama jino bovu.

Aliyenifundisha tunamwita Prof, ingawa udaktari hata yeye hakuupata. Wakati wa vita, treni ilipoacha kuja na walimu wa kutoka mbali wakakimbia, yeye alibaki. Alitufundisha masomo manne peke yake, kwa kichwa, nasi tukanakili kwenye madaftari yaliyokwisha kuandikwa upande mmoja. Bila yeye nisingekuwa na shahada. Hilo nalijua na silisahau.

Lakini kuna jambo jingine, na sijawahi kuliandika mahali popote.

Siku moja katika miaka hiyo Prof alitufundisha kwamba vita vikiingia mjini, biashara hufa. Hakuna ghala, hakuna karatasi, hakuna meneja, basi hakuna usimamizi. Mimi nilikuwa nimetoka nyumbani Alunguli, ambako mama yangu na wenzake sita walikuwa wakiingiza chumvi mjini. Mmoja alijua njia isiyo na askari siku hiyo. Mwingine alijua mwenye mtumbwi. Mwingine aliifunika chumvi kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, akapita nayo mbele ya bunduki akilalamika kwamba jua ni kali. Kila mmoja alijua sehemu yake tu, ili akikamatwa asiwe na la kusema. Kiongozi wao alikuwa mama, asiyejua kuandika jina lake.

Nikasimama. Nilikuwa na miaka ishirini. Nikamwambia mbele ya darasa zima: "Prof, hapa unakosa. Biashara haikukufa. Mama yangu njo meneja."

Darasa likacheka kusikia mama ndiye meneja. Prof akakusanya vitabu vyake, akatoka. Wiki tatu hakurudi, na mwalimu mwingine hakuwepo. Wenzangu walinitazama kana kwamba nimewaroga.

Mama ndiye aliyeuokoa mwaka ule. Alimshika kuku mmoja mweupe, akamwita mjomba wangu, wakanipeleka nyumbani kwa Prof kule Mikelenge. Nikapiga magoti. Kuku akapokelewa. Na kwetu kuku akishapokelewa, jambo limezikwa. Halitajwi tena, si kwa hasira, si kwa utani, na anayelifukua ndiye mwenye kosa jipya. Prof alimwambia mama, mimi nikiwa bado magotini: "Maneno imekwisha. Mu mudomo yangu haitatoka tena, mupaka kaburi."

Ameishika ahadi hiyo miaka yote. Hata siku alipoketi kwenye jopo la kazi yangu ya mwisho ya shahada hakuligusia. Hata nilipomwonyesha mada ninayoiombea udaktari, namna wanawake wa Kindu walivyoendesha biashara wakati wa vita bila karatasi hata moja, alisema tu kwamba ni mada nzuri, akanitakia heri.

Sasa leo. Fomu ya ushuhuda ilifika kwenye simu yake. Macho yake yana mtoto wa jicho, maandishi ya simu hayaoni, basi akaniita nije nimjazie. Najua haikubaliki. Fomu yenyewe imeandika kwamba mwombaji asiione. Nilimwambia hivyo. Alishangaa kwa dhati: barua inanihusu mimi, nani mwingine angeiandika kwa uangalifu?

Tukakaa barazani kwake, mvua inapiga mabati. Fomu ilitaka kwanza anipime kwa ngazi tano, ya juu kabisa ikiwa "wa pekee". Akaikataa papo hapo. Kwetu ishirini juu ya ishirini ni ya Mungu, kumi na tisa ni ya mwalimu, na mwanafunzi anayepata kumi na nne nyumbani kwao wanapika pilau. Akaniambia niweke "mzuri", ngazi ya tatu. Niliweka. Aliamini amenipandisha cheo, na kwa hesabu zake alikuwa amenipandisha kweli.

Kisha akanisifu. Ninafika kazini mapema. Ninawasalimia wakubwa. Sijawahi kuzua fujo. Mama yangu nilimtunza mpaka mwisho na nilimzika inavyotakiwa. Niliandika yote kama alivyosema, na nusura nilie, kwa sababu hakuna aliyewahi kunisifu kwa mpangilio namna ile.

Halafu likaja swali la saba. Nikamsomea polepole: aeleze wakati mmoja ambapo mwombaji alipinga wazo la mwalimu, na jinsi alivyolitetea la kwake.

Prof alikumbuka, nina hakika. Niliona midomo yake ikitaka kucheka. Kisha akasema: "Andika, hakuna."

Nikamwambia, "Prof, wale bantu wanatafuta muntu mwenye kukatala. Ukisema hakuna, wataniacha."

"Nilipatia mama yako neno yangu," akasema. "Ni yeye tu angeweza kuifungua, na haiko tena. Andika, mutoto yangu. Hakuna."

Kwanza niliandika kitu kingine. Nakiri. Alikuwa haoni, na kidole changu kilikwenda chenyewe: mistari minne, chumvi, darasa, mama, kuku. Katika kurasa zote za maombi yangu sijaandika kitu kizuri kuliko mistari ile. Mtu yeyote wa chuo kile angeisoma na kusema, huyu aje.

Prof akauliza kama nimemaliza. Nikasema bado.

Nikaifuta. Nikaandika "Hakuna". Nikabonyeza.

Alifurahi. Aliinua mikono akaniombea dua ndefu, na alipomaliza akasema mama angefurahi kuona jina langu limetunzwa. Nilipofika nyumbani mke wangu, Zaina, aliniuliza kama mzee amenisifu. Nikamjibu kwamba amenisifu sana. Akasema alhamdulillahi, na sasa namsikia ukumbini akimweleza dada yake kwa simu kwamba safari hii mambo yamekaa vizuri. Sijui nitamwambiaje.

Njia nzima, mtumbwini, nilijiambia kwamba niliifuta mistari ile kwa uaminifu, kwamba sikutaka kumtia mzee maneno mdomoni. Hilo ni kweli, lakini si lote. Hakuna aliyenilazimisha kuchagua kati ya kudanganya na kuitikia. Ningeweza kumwambia kwa sauti, pale pale barazani, kwamba ahadi ile sasa inanifunga mimi, kwamba mama angeifungua mara moja bila hata kuketi, kwamba hapa unakosa, Prof. Yule kijana wa miaka ishirini angesema akiwa amesimama, na kuku angetafutwa baadaye.

Mimi nilikuwa nimeketi, simu ya mzee mkononi. Nilisema, "Ndiyo, Prof."

Chuo kitasoma jibu la swali la saba na kudhani kwamba mimi ni mtu wa kuitikia tu. Tangu nirudi natafuta mahali ambapo watakuwa wamekosea, na kwa leo sijapaona.