Kopo la Tano

Jumatatu, 10 Novemba
Nimefungua ghala saa mbili. Makopo manane ya filamu yote yako rafuni. Filamu ya Kijerumani, kati ya zile za kwanza kutoa sauti. Sir, tajiri wetu Mwarabu, anasema steringi ni mwanamke, rubani, anaruka kutoka kwenye ndege hadi juu ya treni. Ijumaa anawaonyesha wageni wake. Rehema, Mtanga anayesafisha hapa, ameniuliza mara tatu kule kuruka kuko kopo lipi. La tano, nikamwambia. Ya nini kujua? Simwamini mtu wa maswali.

Jumanne, 11 Novemba
Kopo la tano halipo. Nimetafuta hadi chini ya meza. Mlinzi ni mimi, nitasema nini? Sir aliponiuliza, jina la Rehema lilinitoka kabla sijafikiri. Nikaongeza kwamba jana alitoka na begi kubwa. Begi alikuwa nalo kweli.

Sir hakushangaa. Hilo limenikaa moyoni.

Jumatano, 12 Novemba
Rehema amenyang'anywa kadi ya mlango. Kopo lisipoonekana kesho, visa yake inafutwa. Ana watoto wawili Tanga. Amelia mbele yangu. "Dada Wanjiku, nani kaniponza?" Nikasema sijui. Mwongo mimi.

Bado naona ni yeye. Au nataka iwe yeye. Mbona sir hajaomba kuona kamera? Mtu aliyeibiwa angeanzia hapo.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimeangalia kamera mwenyewe. Jumatatu saa saba mchana, mimi nimeenda kula. Sir anatoka, kopo kwapani. Nimerudia mara nne. Nikarekodi kwa simu, nikaenda ofisini kwake.

"Sir, kamera imekuonyesha wewe."

Alinitazama sana. "Unajua visa yako iko kwa nani?"

"Najua, sir."

Nikamwekea simu mezani, video inacheza. Mwishowe akakaa. Akakiri: alitaka kuitazama peke yake nyumbani, kabla ya wageni. Projekta ikapata moto mno. Filamu za zamani zile huwaka kama petroli. Aliona haya kuwaambia watu kwamba ameiunguza. Na mimi nilikuwa nimeshampa mtu wa kutupia lawama.

"Khalas, yameisha," akasema. "Mwambie arudi kazini."

Ijumaa, 14 Novemba
Filamu imeonyeshwa na pengo lake. Mwanamke anatambaa kwenye bawa la ndege, upepo unavuma, mara yuko ndani ya treni anafungwa bendeji. Wageni wamepiga makofi. Rehema alikuwa nyuma anapanga viti, akingoja kule kuruka alikotaka kukuona. Hakuna aliyemwomba radhi. Hata mimi.

Jumapili, 16 Novemba
Nimeenda chumbani kwake. Alikuwa anakunja nguo kitandani. Nikamwambia ni mimi niliyemtaja. Nikasema na la kamera pia, halafu nikaona aibu kwa kulisema, kama najisifu.

Alimaliza kukunja kanga. "Ungeniambia Jumatano ningekupiga, dada. Leo nimechoka tu."

Akasogeza nguo, pakabaki nafasi ya mtu kukaa. Nimekaa. Nikachukua nguo moja, nikaikunja.