Korongo la Shimo la Tisa

Jumatatu, 3 Novemba
Nimepigilia vigingi vya vipimo shimo la tisa la uwanja wa gofu tangu saa moja asubuhi. Vumbi la Nzuguni mpaka kwenye meno. Korongo linakata katikati ya njia ya mpira. Mchoro wangu unaliacha lilivyo: mchanga, mawe, migunga miwili. Mchezaji atapiga mpira upite juu yake. Uzuri wote wa shimo hili uko hapo. Bwana Kessy, mwenye mradi, anasema linafanana na kovu.

Jumatano, 5 Novemba
Kessy anataka korongo lifukiwe. Bomba lipite chini, nyasi juu, kijani kitupu kutoka baraza ya klabu hadi mlimani. Nilimwambia bomba moja halitoshi. Alijibu kwa upole, "Dada, wageni hawaji kutazama mtaro." Sikubishana tena. Nimechora upya, nimetia sahihi. Mchoro umependeza. Hilo linanikera.

Jumamosi, 8 Novemba
Mama Chiku amekuja. Nyumba yake na shamba lake la mtama viko chini ya korongo, nje ya uzio. Nilimwamkia. Aliuliza nani amechora. Nikasema mimi.
"Maji ya hapa yakija hayapigi hodi," alisema.
Nikamwambia kuna bomba. Akalitazama bomba lililolazwa kando, akanitazama mimi. Akaomba namba yangu ya simu, akaondoka.

Alhamisi, 27 Novemba
Korongo halipo tena. Migunga imeng'olewa. Vipande vya nyasi vimetandikwa tangu jana. Nimepiga picha nyingi. Pazuri kweli.

Alhamisi, 4 Desemba
Mvua ya kwanza. Manyunyu tu. Bomba limepitisha maji bila shida. Kessy amenitumia ujumbe wa utani. Nimefurahi kuonekana nimekosea.

Jumapili, 14 Desemba
Mvua kubwa ilianza baada ya ibada. Nilikuwa nyumbani Ipagala. Mama Chiku akapiga simu: mvua inanyesha, lakini kwake korongoni hapapiti hata tone. Nikaelewa. Bomba limeziba. Nikamwambia atoke. Alikuwa ameshatoka, yuko mwinukoni na wajukuu.

Nikachukua bodaboda hadi uwanjani. Maji yalikuwa yamesimama nyuma ya kifusi tulichofukia korongo kama bwawa, yanapanda. Kifusi kikikatika, yote yangeishukia nyumba yake kwa mkupuo mmoja. Upande wa kushoto kuna njia ya shimo la nane, na iko chini zaidi. Najua, niliipima mwenyewe. Nilimpigia Kessy. Alikuwa Bahi. Alisema nisiguse nyasi zake, nimsubiri. Nikakata simu.

Issa, dereva wa katapila, alikuwa amejikinga mvua ndani ya mashine.
"Kata hapa," nilimwambia, nikimwonyesha ukingo wa kushoto.
"Bosi amekubali?"
"Hapana. Kata."
Alinitazama kidogo, akawasha mashine. Maji yakageukia kushoto, yakatandaa juu ya nyasi mpya, taratibu, mpaka shimo la nane lote likapotea.

Jumatatu, 15 Desemba
Shimo la nane tope tupu. Kifusi kimemomonyoka nusu. Nyumba ya Mama Chiku imesimama. Mistari ya chini ya mtama imezolewa. Kessy alitembea kwenye tope na viatu vyake vya ofisini, akazunguka kote. Hakupaza sauti. Alisema kazi yangu imeisha, nikabidhi funguo za ofisi. Nikakabidhi. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi.

Alhamisi, 18 Desemba
Issa amepiga simu. Wanaondoa kifusi kilichobaki. Korongo litaachwa wazi. Kuna msanifu mpya anatoka Arusha. Nilidhani ningefurahi. Wala.

Jumamosi, 20 Desemba
Nimekwenda kwa Mama Chiku. Alikuwa anapanda upya mistari ya chini. Nilimwambia kwamba siku ile aliponijia, nilikuwa najua bomba halitoshi.

Hakuacha kupanda. Alifika mwisho wa mstari, akanyoosha mgongo.
"Nilikuona unajua," alisema.

Akanionyesha vishimo alivyokwisha kutia mbegu. Nikavua viatu. Nikawa napita nyuma yake, nafukia kwa mguu, kimoja kimoja. Saa sita tulikuwa tumemaliza.