Duara la Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji kapata sifa tena. Kwa waya! Kompyuta zetu za kukokotoa mafuriko ya mto nilizifunga mimi, zote kwenye swichi moja kubwa ya mtandao katikati. Kila ujumbe lazima upitie hapo. Foleni, ndiyo, lakini ilikuwa foleni yangu. Yeye kazipanga kama ubao wa drafti: kila mashine imeshikana na majirani zake wanne, na za mwisho kazirudisha kwa za mwanzo, mstari ukawa duara. Ujumbe unapita njia ya mkato. Hesabu iliyokuwa inakula siku nzima sasa inaisha kabla ya chai.

Mkubwa kasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Nilikuwepo. Nimesimama pembeni yake kama stuli.

Kubana vichwa vya waya nilimfundisha mimi. Kazi nilimwombea mimi. Asante ya punda ni mateke — na huyu hata mateke hapigi, anatabasamu.

Jumanne, 5 Machi

Nyumbani nako hakukaliki. Mke wangu: mdogo wangu ana kichwa, jamani! Mama mkwe kwenye simu: huyo tangu utotoni alikuwa akifungua redio. Na mimi nilikuwa nafungua nini, soda? Nikasukuma sahani pembeni.

Jumatano, 6 Machi

Nimeliona kosa lake!

Mkubwa katangaza kwamba kesho wageni wanakuja kuona mashine, na mbele yao atamtaja mkuu wa chumba cha mashine. Wote wakamtazama shemeji. Basi nikashinda nyuma ya makabati, najifanya napangusa vumbi.

Kumbe kajaribu mashine zikituma kwa zamu tu. Kesho zitatuma zote kwa mpigo. Kwenye duara lake kila ujumbe utashika nafasi yake ukingoja wa mbele usogee, nao wa mbele unangoja wa mbele yake, mpaka wa mwisho unaongoja wa kwanza. Kama watu wenye adabu mlangoni: pita wewe, hapana, tangulia wewe. Hapiti mtu. Wala taa nyekundu haitawaka. Kwa mashine, kungoja si kosa.

Dawa yenyewe ndogo: chomoa waya zinazorudi mwanzo, duara likatike.

Akaja shemeji mwenyewe. "Shemeji, wewe jicho lako kali. Umeona kasoro yoyote?"

"Safi kabisa."

Leo nimekula mpaka mke wangu kashangaa.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika chooni. Choo cha ofisini.

Imekwama! Taa zote kijani, feni zinavuma, namba kwenye kioo haisogei. Wageni wakapiga makofi, walidhani imeshamaliza! Nikabana kicheko mpaka machozi. Mkubwa akauliza, taratibu, nani aliukagua mtandao huu. Nikajua shemeji atanisukumia mimi. Jibu nilikuwa nalo tayari.

Hakunitaja. Kasema kosa ni lake peke yake. Halafu akawageukia wageni: mpisheni shemeji yangu, yeye ndiye mwalimu wangu, akitupa jicho tu ataona. Mkubwa naye: basi utengeneze sasa hivi mbele ya wageni, na chumba ni chako.

Nikienda moja kwa moja kwenye zile waya, shemeji atajua kuwa jana niliziona. Nikijifanya natafuta, cheo kitaota mbawa. Nikasema tumbo.

Anagonga. "Shemeji, vipi tumbo? Nikuletee maji?"

Nimemjibu nakuja.

Hajaondoka. Namsikia anamwambia mkubwa asinikimbize, nimechoka kwa kazi nyingi. Hata huruma, jamani — hata huruma kanizidi!

Anagonga tena.